Dakika Kumi na Nne Ambazo Sikukusikia, Mama

Mama,

Ungekuwa hai ningeanza kwa kukudanganya kwamba huku sijambo kabisa, nakula vizuri, na baridi nimeizoea kwa kuwa nimekulia ya Njombe. Leo siwezi. Chai imepoa mbele yangu, na tangu asubuhi nimekwenda chooni mara nne bila haja yoyote. Mwanao naogopa. Kuna faili moja ndani ya kompyuta yangu ambalo sithubutu kulifungua, na humo ndani umo wewe.

Keshokutwa Jumamosi ni arobaini yako. Karatasi zangu za kuishi huku hazijatoka, kwa hiyo kama ambavyo sikuja kukuzika, kwenye arobaini pia sitakuwepo. Shangazi amepanga nipigiwe simu, iunganishwe na spika hapo uwanjani, niuambie ukoo mzima neno la mwisho ulilonikabidhi. Wote wanaamini ulinikabidhi neno. Upendo aliniambia siku ya msiba, sauti yake kavu kama vile mimi si kaka yake: "Kaka, nilitaka kumrudisha Mama hospitali ya rufaa. Akasema ameshaongea na wewe, na wewe umesema sawa. Mkubwa akishasema sawa, mimi ni nani?" Tangu siku hiyo ni shikamoo na kwaheri tu.

Mama, nilisema sawa kwa jambo gani? Sijui. Nimekaa na swali hili siku zote hizi, na sijamwambia mtu kwamba sijui.

Nikumbushe kidogo ilivyokuwa, maana wewe uliiona kwa upande wako tu. Nilikuomba upete ulezi mbele ya simu huku unaimba wimbo wako wa kupetea, nipate sauti ya kuweka kwenye muziki wangu. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Yaani umevuka bahari yote hiyo, halafu unakuja kuniomba sauti ya ungo?" Lakini siku yenyewe ilipofika ulikuwa umeoga, umevaa kitenge kipya na kilemba juu, kana kwamba muziki una macho. Simu uliiegemeza kwenye kopo la sukari. Huku ilikuwa saa tatu asubuhi, kwenu saa kumi jioni.

Kevo, yule Mkenya ninayeishi naye hapa Annandale, ndiye aliyenionya nisitumie maikrofoni. "Usirecord na mic, buda. Fridge itaingia, majirani wataingia, hadi kukohoa kwangu kutaingia. Chukua ile ya ndani kwa ndani." Ya ndani kwa ndani maana yake kompyuta inaichukua sauti yako kabla haijafika kwenye spika, inaimwaga moja kwa moja kwenye programu ya muziki, safi, bila friji wala Kevo. Ni kama kuna waya, ila huo waya hauonekani, umo kwenye mipangilio tu. Ukiupanga vizuri, unarekodi na huku unasikia. Ukisahau kuweka alama kwenye kisanduku kimoja kidogo, sauti yote inaingia kwenye waya na masikioni hupati kitu.

Nilisahau kisanduku.

Nikakuona mdomo unacheza, ungo unapanda na kushuka, na kwenye programu mistari ya kijani inarukaruka. Sauti ilikuwa inaingia, ila haikuwa inanifikia. Nikaogopa kwamba nikigusa kitu simu itakatika, nawe utakuwa umejipamba bure. Nikajiambia, mwache aimbe, nitamsikiliza baadaye. Basi nikawa natikisa kichwa kama mjusi. "Safi sana, Mama." "Sawa, Mama." "Endelea hivyo hivyo." Hata ungo ulipotulia mapajani nilidhani mikono imechoka na sasa unaimba tu. Dakika kumi na nne. Mwishoni ukanipungia mkono, ukakata.

Siku ile ile nilisikiliza sekunde za mwanzo, nikaukata mlio wa ungo, nikaupangia ngoma. Kevo aliucheza jikoni akiwa na mwiko mkononi. Yaliyobaki niliyaacha, nikasema nitayapitia nikipata nafasi. Wiki tatu baadaye ukafariki.

Na unajua kazi yangu ni nini? Kusikiliza. Kule Fairfax, mji wa jirani, nakaa na bibi mmoja mgonjwa, na pumzi yake ikibadilika kidogo tu natoka mbio kumwita nesi. Namuuliza kila saa, unaumwa? wapi? sana au kidogo? Bibi wa watu. Mama yangu mzazi nikamtazama midomo.

Nimewaza mengi ya kutisha. Labda uliniuliza kama nitakuja, ukasema utanisubiri, nami nikajibu sawa, ukasubiri kweli. Labda uliniuliza, "Nisirudi hospitali?" na mwanao, mzaliwa wa kwanza, akakujibu safi sana, Mama. Nimewaza hata kudanganya Jumamosi. Nani atajua? Ningesema umetuachia neno moja, kwamba tupendane. Marehemu wote husema tupendane. Shangazi angelia, watu wangeitikia amina, tungekula pilau. Ila Upendo angejua. Yule tangu mdogo uongo wangu anaunusa.

Basi. Naenda kulifungua. Naiacha kalamu hapa.

*

Nimerudi, Mama. Nimesikiliza yote.

Kwanza kuna jambo ambalo sikulifikiria. Sauti yangu haimo. Ya ndani kwa ndani inachukua kile tu kinachotoka kwenye kompyuta, kwa hiyo umo wewe peke yako. Kila mahali nilipokujibu pana kimya. Nimekaa nasikiliza mazungumzo yetu kama mtu anayemsikia jirani akiongea na simu, nabahatisha upande wangu kwa kusikia wako.

Unaanza na ungo. Beti mbili za wimbo. Kisha unasema, "Baba," kama ulivyoniita siku zote kwa kuwa nimebeba jina la baba yako. "Baba, nimechoka kuimba. Nina neno." Kimya. Halafu wewe: "Eti safi sana! Nimesema nina neno." Kimya tena. Kisha taratibu, kama unaongea na ungo: "Huyu hanisikii."

Nilisimama ghafla na headphone zikanivuta shingo. Ulijua, Mama!

Tena ukanipima, maana wewe si wa kubahatisha. "Baba, jana nimeolewa na mwenyekiti wa kijiji." Kimya kifupi. Hapo ukacheka kicheko kile cha kupiga paja. "Amesema sawa! Mtoto ananiozesha!" Na mimi, Mama, nilicheka. Peke yangu chumbani, machozi yananitoka, nacheka.

Halafu ukasema, "Afadhali. Basi nitasema." Nikausikia ungo ukiwekwa chini.

Ulisema hospitali hutarudi. Ulisema dawa ile ya kwanza ilikufanya usiujue mkono wako mwenyewe, na hutaki tena. Ulisema, "Upendo analia. Nikimtazama analia zaidi. Nitamwambia wewe umekubali, maana wewe hawezi kubishana nawe. Usinune. Kusema sawa umesema, si ndiyo?" Ukaguna. "Mficha maradhi kifo humuumbua, naijua, niliwafundisha nyie wenyewe. Niache."

Kisha nikadhani imeisha. Nasikia kuku. Nasikia pumzi yako ikiingia na kutoka kwa shida, pumzi ambayo kwa bibi wa Fairfax ingenifanya nipige simu.

Ndipo ukasema, "Naogopa, baba. Mchana nachekacheka na watu, ila naogopa. Sijamwambia mtu."

Pengo. Hapo nilikujibu kitu. Nimelirudia pengo hilo mara sita na hamna kitu humo. Lakini baada yake unavuta kamasi, unacheka kidogo, na kusema, "Haya, baba. Naendelea hivyo hivyo."

Mama, nisamehe.

Sasa nina ushahidi kwamba sikukubali lolote, na badala ya kupumua naogopa kuliko asubuhi. Nikimwambia Upendo ukweli, atajua ulimdanganya. Atajua machozi yake ndiyo yaliyokufanya udanganye, nayo atayabeba mpaka uzee. Atajua pia kwamba kaka yake alikuwa anatazama mistari ya kijani huku mama yake akisema naogopa. Anaweza asiniite kaka tena. Nikinyamaza, ataendelea kuamini kwamba nilikaa huku mbali, nikaamua ufe. Huenda hilo nastahili. Ila nikinyamaza ataamini vilevile kwamba ulikwenda bila kuogopa, na kwamba hukumhitaji, na huo ni uongo. Ulimtazama akilia na ukaona afadhali ubebe mwenyewe. Ana haki ya kulijua hilo.

Nilijaribiwa kumkatia kipande. Kukata ndiyo kazi ninayoijua: kuondoa kikohozi, kuondoa kimya, kubakiza kinachopendeza. Ningembakizia kicheko cha mwenyekiti tu. Nilishaweka alama mwanzo na mwisho wake, kidole kiko juu ya kitufe, nikajiona nakuzika mara ya pili.

Nakuahidi, Mama, sitakata hata sekunde. Nitampigia Upendo sasa hivi, kabla ya Jumamosi, kabla ya Shangazi na spika yake. Nitamwekea dakika zote kumi na nne, pamoja na kuku, na mimi nitakaa kwenye simu mpaka mwisho, aniambie atakalo. Keshokutwa tutakachowaambia watu tutakuwa tumekubaliana wawili. Na ule mdundo niliotengeneza sitampa mtu asiyekufahamu.

Kwaheri, Mama. Nenda taratibu, usijikaze mbele ya watu wa huko. Ukiogopa, sema.

Hapa kwangu ni mchana, kwenu giza limeshaingia, na Upendo bado hajalala. Simu inaita. Inaita.

Amepokea.