Sijitoi Mechi ya Jumamosi

Majimoto, Mpimbwe
Jumapili, baada ya ibada

Kwako kaka yangu Gervasi,

Shikamoo. Najua unaisoma hii ukiwa umenuna, lakini itikia kwanza, hata kimoyomoyo, halafu ndiyo uendelee. Mimi mdogo wako ni mzima. Homa iliyonilaza wiki ile imeshaondoka, nimebaki na kikohozi cha vumbi la pumba ambacho hapa kwenye mashine ya kukoboa mpunga kila mtu anacho. Nyie huko Mwese mnaendeleaje? Goti la Mama linamruhusu kupanda mlima kwenda kanisani, au bado anasalia nyumbani? Baba ameshavuna maharage ya ule upande wa bondeni? Na barabara je, pikipiki zinapita au bado mnashuka mnasukuma? Huku mvua zimekata, mpunga unaingia kwa matrekta na mikokoteni ya ng'ombe, na mimi kutwa nashona magunia kwa shazia, ile sindano kubwa, mpaka ncha za vidole hazisikii tena moto wa kikombe cha chai.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Juzi uliongea wewe, ukamaliza wewe, ukakata wewe. Hii huwezi kuikata. Nampa kondakta wa basi la Mpanda, ataiacha stendi kwa watu wa pikipiki za Mwese, na utaipata kabla ya Jumamosi.

Maneno yako nayakumbuka yote. Ulisema, “Vene, jitoe. Mwambie huyo kapteni wenu unaumwa. Ukikaa kwenye kile kiti cha wachezaji ukapigana na mimi mbele za watu, usiniite kaka tena.” Nilikaa juu ya gunia la pumba nikayarudia neno kwa neno. Iliniuma, sikufichi. Nimelitafuta jibu siku mbili, na jibu ni hili: sijitoi. Sasa tulia nikueleze nilivyofika hapa, maana wewe unajua mwisho tu.

Unakumbuka kule juu ya shule, kwenye lile jiwe ambako mtandao unashika? Nyie watano mmekaa mnacheza lile gemu la vita, mimi nimewaletea uji, nipo nyuma ya bega lako nachungulia. Niliomba kujaribu mara ngapi? Ulikuwa unasema, “Utabonyeza vibaya, we shika pawabenki.” Nimeshika pawabenki miaka miwili, kaka. Nilijua njia zote tatu za ule uwanja, nilijua kila mnara unaolindwa uko wapi, nilijua kwa sauti zenu nani ameua na nani amekufa, na kidole changu hakijawahi kugusa kioo.

Hapa mashineni kuna kijana wa Kisukuma anaitwa Shija, anabeba magunia, ndiye kapteni wa timu ya gemu ya Majimoto. Mchezaji wao wa tano alihamia Tabora. Mchana umeme ukikatika mashine husimama, nao wakawa wanakaa kivulini wanne, wanapiga miayo, kwa sababu bila watano timu haiingii uwanjani. Siku moja nikasema, nipeni mimi. Wakacheka, ila mwingine hawakuwa naye.

Shija akanichagulia shujaa. Unajua kwenye lile gemu kila shujaa ameandikiwa ugumu wake, na huyu ameandikiwa kwamba anawafaa wanaoanza. Ni mwanamke mnene, mzito, ana ngao kubwa kuliko mwili wake. Hakimbii, haruki, hapotei na kutokea mgongoni mwa mtu kama yule wako wa mikuki miwili. Ana mambo matatu tu: anasukuma kwa ngao, anajikinga, na anapiga yowe ili maadui wote wamgeukie yeye wawaache wenzake. Vijana wa hapa wanamwita Mama Ngao. Wewe unamwita shujaa wa chekechea. Mimi nilimpenda siku ileile.

Usidhani ilikuwa mteremko. Wiki ya kwanza nilikuwa nakufa kabla mate hayajanikauka mdomoni. Nilimsukuma adui aliyebakiza damu kidogo, nikamtoa mikononi mwa Shija nikampeleka salama kwao. Nilipiga yowe maadui wote wanijie, wakati wenzangu wako njia nyingine, wakanimaliza peke yangu. Na kosa langu kubwa lilikuwa kufukuza. Adui akinionyesha mgongo tu, mimi nyuma yake, na mwanamke mzito vile hamfikii mtu. Nikirudi nakuta mnara wangu umeshabomolewa. Shija alikuwa anashika kichwa kwa mikono miwili, anasema, “Dada Vene, we unaenda wapi? Kaa nyumbani kwako!”

Ndipo Shija akapanga mechi ya kirafiki na nyie wa Mwese. Sikukuambia kama nacheza, nilitaka ushtuke. Unajua ilivyokuwa, umeshawasimulia watu wote, lakini acha na mimi nisimulie yangu. Nilikuwa mbele ya mnara wa katikati. Ukatokea majanini, umejeruhiwa, damu imebaki tone, na juu ya kichwa pameandikwa jina lako la gemu, Jembe la Mwese. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya ngao. Pigo moja tu. Kaka, mkono ulikataa. Toka nijue kutembea sijawahi kuinua mkono kwako, sijawahi kunawa kabla yako, sijawahi kukupita njiani bila kukuamkia. Nikasimama, nikafungua sehemu ya ujumbe, nikaandika: Shikamoo kaka, ni mimi Vene. Nikasubiri uitikie.

Ukanichoma mikuki yote miwili. Marahaba uliiandika nikiwa nimeshakufa.

Mkabomoa mnara, mkaingia mpaka ngomeni kwetu, mechi ikaisha. Ulinipigia unacheka hadi unakohoa, na mimi nikacheka na wewe. Ulipokata nilikwenda nyuma ya rundo la magunia nikalia. Sikulia kwa sababu ya mechi. Nililia kwa sababu nilikupa heshima mahali ambapo wewe hukuwa unanitazama kama mdogo wako, ulikuwa unatazama mnara. Na ulikuwa sahihi! Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Shija hakucheka. Alisema mbele ya wote, “Tumefungwa kwa shikamoo. Nani amewahi kusikia?” Nikajua nafasi yangu inaondoka.

Aliyeniokoa ni Mama Kulwa, mwenye mashine, ambaye mashambani kwake ndiko nilikoanzia kazi nilipofika huku, kabla hajanihamishia kwenye magunia. Alitoka ofisini na daftari lake kwapani, akauliza tunagombania nini. Shija akamweleza yote. Nilidhani atatutimua. Badala yake akanigeukia.

“Wewe si ndiye nilikuweka kule mtoni kuwinga ndege?”

“Ndiyo, mama.”

“Walipokuja uliwaamkia?”

Watu wakavunjika mbavu. Yeye hakucheka. Akasema, “Mwaka ule majirani zangu wote waliliwa mpunga, mimi nilivuna. Ulifanyaje?”

Nikamweleza, ingawa alikuwa anajua. Kaka, wewe hujawahi kuwinga ndege, huko kwetu mlimani hakuna mpunga. Unakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, toka alfajiri mpaka jua linazama, una kombeo, una madongo, una kamba zenye makopo. Kundi likitua pembeni unavuta kamba, unapiga kelele, unatupa dongo, wanaruka. Hushuki. Ukishuka kuwafukuza wale wa pembeni, wengine wanatua palepale ulipotoka. Wiki sita nilikaa juu ya lile dungu, sauti ikanikauka, na sikushuka hata siku waliponitania wapita njia kwamba nimeota mizizi.

“Basi na huko kwenye simu kaa juu ya dungu,” Mama Kulwa akasema, akarudi ofisini kwake.

Toka siku hiyo sijamfukuza mtu. Nasimama mbele ya mnara wangu na ngao. Mkija, nasukuma. Mkikimbia, kimbieni salama. Mkirudi wawili, mnanikuta. Mkirudi watatu ndiyo vizuri zaidi, napiga yowe mnigeukie wote, na mnavyohangaika na mimi Shija na wenzake wanne, samahani, watatu, wako upande wa pili wanabomoa kwenu. Hakuna ufundi wa kuonyesha watu. Hakuna atakayenishangilia. Ila tulicheza na vijana wa Misunkumilo, wanaojiona mabingwa wa Mpanda nzima, nikakaa mnarani dakika kumi na mbili nikipigwa na watu watatu, na walipokuja kutahamaki ngome yao imekwenda. Mmoja aliandika, “Huyu mama ametumwa na nani?” Shija aliitembeza simu yenye ujumbe huo mashine nzima, mpaka kwa wapika chapati.

Ndiyo maana tukaandikishwa kwenye mashindano ya Mpanda, yale ya zawadi ya mbuzi na jezi. Ratiba ilipotoka nikaona mechi ya kwanza ni Majimoto na Mwese. Naapa nilifurahi. Nilidhani utanipigia uniambie, mdogo wangu, tutaonana. Ukanipigia uniambie nijitoe.

Sasa nikuulize, na ujijibu mwenyewe. Kama huyu shujaa wangu ni wa chekechea, unaogopa nini? Mkubwa mzima, kapteni, Jembe la Mwese, unamwomba msichana wa chekechea aseme uongo kwamba anaumwa! Ulisema watu watakuonaje ukifungwa na dada yako. Mbona hukuuliza watu wangu watanionaje? Nikijitoa tunabaki wanne, na wanne hawaingii uwanjani. Hao wanne walinipa kiti wakati wewe ulinipa pawabenki. Shija amebadilishana zamu kwa wiki nzima ili Jumamosi apate ruhusa. Niwaambie nini? Kwamba kaka amekataza?

Na habari ya heshima, nisikilize vizuri. Mimi sijaacha kukuheshimu. Ukinituma maji leo nitaleta. Ukikaa mkekani nitakaa baada yako. Homa iliponishika, aliyekesha na simu akiniuliza nimekunywa dawa ni wewe, hilo sitalisahau nikiwa hai. Lakini kukuheshimu siyo kujifanya siwezi jambo ninaloliweza ili wewe uonekane unaweza. Ile siku ya mkuki ulinifundisha mwenyewe, bila kukusudia. Ulinipiga kwa sababu nilikuwa mbele ya mnara na wewe ulikuwa na kazi yako. Sikukasirika. Na mimi nitakupiga kwa sababu hiyohiyo, na wewe usikasirike.

Usije kunionea huruma pia. Ukinikuta nimebakiza damu kidogo, malizia. Ukiniacha niondoke nitajua umenidharau, na hapo ndipo tutakosana kweli. Mkitushinda, nitakushika mkono mbele ya ukumbi wote na mbuzi mchukue. Tukiwashinda, hiyo nyama utakula kwa mikono yako miwili, na nitakuwekea maini.

Barua hii msomee Mama yote, usiruke mahali, najua tabia yako. Mwambie mafuta ya goti nimeyapata kwa mama mmoja wa sokoni, nitakuja nayo Mpanda umpelekee. Baba mpe shikamoo yangu, na umwambie mbegu ya mpunga wa mlimani aliyoulizia bado natafuta. Wifi yangu Pelagia mwambie namdai kitenge alichoniahidi, na kama anataka kuja Jumamosi, siti ya upande wangu ipo, asiogope kuonekana. Shangazi Dorothea, aliyekuwa wa kwanza kusema mtoto wa kike akienda Majimoto atapotea, msalimie sana, umwambie sijapotea. Na mwalimu wetu wa kwaya mwambie hata huku naimba sauti ya pili, na nikipiga yowe kwenye gemu wenzangu wanasema pumzi nimeitoa kwenye kwaya.

Kaka, umeniambia nichague kati ya kile kiti na kukuita kaka. Nimekataa kuchagua. Hukuwa kaka yangu kwa ruhusa yako, Mama ndiye alitupanga hivyo, na huwezi kulifuta hilo kwa simu ya dakika mbili. Jumamosi saa nane nitakaa kwenye kile kiti, na nitakuita kaka kwa Kiswahili, na musaza wanje kwa Kirundi cha nyumbani, uitike usiitike.

Ni mimi mdogo wako,
Veneranda