Yowe Upande wa Pili

Alhamisi, 6 Juni 1985

Kaka Marcelino kashuka leo na lori la Bushiri kutoka Arusha. Sabuni hakuleta. Sukari hakuleta. Kaleta santuri! Ile yetu, ya bendi yetu, Radi ya Kwaraa. Tuliirekodi Nairobi mwaka sabini na sita, na kabla hatujapata hata nakala ya kuweka kabatini, mpaka na Kenya ukafungwa na bendi ikafa. Sasa kumefunguliwa. Mwenye duka mmoja wa Nairobi kaikuta tepu stoo, kaitoa upya. LP mpya kabisa, nyeusi tii, bado inanuka plastiki.

Marcelino anasema huko Ulaya vijana sasa ndiyo wanapiga hivi — magitaa ya kunguruma, nyimbo ndefu zinazopinda pinda kama barabara ya kupanda Mbulu. Mwenye duka kamwambia: nyie mlitangulia. Alivyokuwa ananisimulia machozi yalimlengalenga.

Mimi nilikuwa natazama jalada. Mimi huyo, suruali ya bugaluu. Nywele kama kichaka. Kinywa wazi mpaka kidakatonge kinaonekana. Mwalimu Natalia wa darasa la tatu, mwanakwaya wa parokia! Nimeifunga kwenye kanga nikaisukuma chini ya kitanda. Aibu gani hii. Halafu nimeitoa tena kuitazama.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Baada ya misa tulikwenda kwa Mama, Mutuka. Bushiri alitoa betri ya lori. Marcelino alikuwa na gramafoni, na mahali fulani kaazima spika ile ya tarumbeta, ya mikutano ya hadhara. Tulikuwa sisi wanne tu, uani. Mahindi yamekauka, upepo unavuma kuelekea bondeni. Upande wa kwanza Mama alisema ni mashine ya kusaga. Lakini mguu wake ulikuwa unafuata! Hata pale mapigo yanapokuwa saba, ambapo Bushiri alipotea njia, Mama hakupotea.

Upande wa pili ni wimbo mmoja tu, "Usiku wa Ng'ombe". Ni habari za wezi waliochukua ng'ombe wetu wote nikiwa mtoto. Katikati magitaa yanakata. Kimya. Halafu mimi napiga yowe. Siyo la kuigiza, ni lile lile alilopiga Mama usiku ule. Marcelino alinyoosha mkono apunguze sauti. Nikamwambia mwache. Ongeza! Nilitaka kujisikia. Ndivyo ilivyokuwa, nisijidanganye humu.

Kwetu yowe halina mjadala. Likisikika unaacha jembe, unashika fimbo, unakwenda. Maswali baadaye.

Wakaja. Vijana kwanza, halafu wanaume na mikuki, wanawake na mapanga, wengine wameshika viatu vya Jumapili mkononi. Wameelekea wapi? Ng'ombe wangapi? Wanahema. Na magitaa yalikuwa yameshaanza tena, sisi tumeganda pale kama waliofumaniwa. Mmoja akauliza nani kapiga yowe. Marcelino akasema ni sahani hii. Na mwenye sauti? Marcelino akanitazama. Mimi nikatazama chini. Basi akasema ni mwanamke mmoja wa Nairobi.

Na jalada nimelikalia! Nimelikalia, picha chini, nimevaa sare ya kwaya.

Halafu habari ikafika kutoka korongoni. Mzee Romani, jirani yetu wa chini, ameanguka akikimbia kuja kutuokoa. Nyonga imevunjika.

Jumatatu, 10 Juni

Marcelino kaondoka alfajiri na Bushiri. Gramafoni kaenda nayo, sahani kaniachia. Kasema ni yangu pia. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda hospitali kumwona Mzee Romani. Dawa ya maumivu hakuna, shuka katoka nayo nyumbani. Mguu wameuvuta kwa mfuko wa mchanga unaoning'inia. Binti yake Dorothea, ambaye tunaimba naye kwaya, mimi sauti ya kwanza yeye ya pili, alikuwa anamlisha uji usio na sukari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja."

Kaniambia usiku ule wa ng'ombe wetu yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Sikulijua hilo! Na Jumapili, aliposikia tu, alijua ni nyumba gani. Akasema moyoni, yule ni binti wa Mama Marcelino, wanamuua. Akasahau umri wake.

"Kumbe mtu wa Nairobi," akasema. "Sauti zinafanana, eh?"

Dorothea kaacha kijiko hewani. Na mimi nikajibu: ndiyo, Mzee, zinafanana. Ndiyo! Kwa kinywa hiki! Alinifungulia mlango yule mzee, mimi nikaurudishia taratibu kama mtu mwenye adabu zake.

Nilitoka nikiwa nasikia joto usoni hadi Singe, nyumbani. Nimenawa, bado lipo.

Ijumaa, 14 Juni

Wazee wa Mutuka wamekaa. Niliogopa watadai ng'ombe mtamba, ndiyo adhabu ya anayepiga yowe la bure. Hawakudai kitu. Ni mbaya zaidi. Wamesema yowe likitoka kwa Mama Marcelino mtu asikimbie tena, mpaka mwenye sauti aje asimame mbele ya watu aseme ni mimi, niwieni radhi.

Mama anaishi peke yake pale.

Nimekwenda kumpa pole. Pole! Alikuwa anachambua mbaazi, hakuinua kichwa.

"Yowe haliimbwi, Natalia."

Kumbe anajua. Bila shaka anajua, nani asiyeijua sauti ya mtoto aliyemzaa? Amekaa nayo tangu Jumapili, watu wakimpita njiani bila salamu, na hakunitaja. Ananingoja niseme mwenyewe. Nimeng'ang'ania kumsaidia mbaazi, nimemwaga nusu.

Mjini vijana wa stendi wanaliiga lile gitaa kwa midomo. Wanalipenda! Mwingine angefurahi.

Jumapili, 16 Juni

Nilikusudia leo, wakati wa matangazo. Katekista kauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikafungua kinywa — nikakohoa. Dorothea kanipa leso yake. Nikakaa.

Mwoga. Niandike kwa herufi kubwa: MWOGA.

Jumanne, 18 Juni

Niko kwa Mama tangu asubuhi, tunavunja mahindi. Nimekuja na santuri. Kesho wazee wanakaa tena. Nitaiweka mbele yao, picha juu, bugaluu na kidakatonge na yote, niseme. Nimemwambia Mama. Kasema haya. Halafu kasema nile, nimekonda. Ni neno refu kuliko yote aliyoniambia wiki hii.

Saa kumi sasa. Nimepumzika ndani, Mama yuko uani anapukuchua. Mashamba yote yana watu, nawasikia wanavyotaniana. Kifua kimepungua uzito kidogo. Labda kesho nitaweza hata kwenda hospitali na

Yowe.

Si mimi. Si sahani. Linatoka bondeni, kwa Mzee Romani. Ni Dorothea! Naijua sauti ile, nasimama kando yake kila Jumapili. Yuko peke yake na ng'ombe wa baba yake.

Hakuna anayekimbia. Nyumba yetu na yao ziko mteremko mmoja, upepo unachanganya. Mtu kacheka. Kapaza sauti: Mwalimu, zima sahani yako! Na wengine wamecheka. Wanaendelea kuvunja mahindi.

Sahani iko hapa, ndani ya kanga. Gramafoni iko Arusha!

Tena.

Nimetoka nikaipunga juu waione — jamani, hii hapa, haipigwi, ni Dorothea! Wamenipungia mikono. Wanadhani natania. Nimerudi ndani. Na ona, bado naandika! Kuandika ni kujificha tu, ndiyo kazi ambayo daftari hili limenifanyia.

Mama kaingia, kachukua fimbo ya marehemu baba. Nikamwambia apige yeye yowe, yeye watamwamini. Kasema kifua hicho hana tena. Kasema, "Sauti yako ndiyo wanayoijua," na katoka. Namwona anashuka, anachechemea, peke yake, kuelekea korongo lile lile.

Wataijua kuwa ndiyo ile ya kwenye sahani. Bonde zima litaijua, na Mzee Romani ataambiwa jioni hii hii, na si kwa kinywa changu mbele ya wazee kama nilivyopanga vizuri.

Dorothea amenyamaza.

Kinu cha Mama kimepinduliwa uani. Nikisimama juu yake wataniona mashamba yote. Wanione napiga, kinywa wazi kama pale pichani, wajue ni mtu, si sahani —