Usiuze Ng'ombe kwa Sababu ya Kaseti Yangu

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama Simiyu wangu,

Kabla sijaingia kwa maneno makubwa, niambie kwanza: kifua cha Simiyu kimetulia ama bado anakohoa kama trakta ya mkopo? Na mama yangu, goti linamruhusu kufika kanisani, ama wazee bado wanamfuata nyumbani kuomba naye na kumaliza chai yake? Mimi ni mzima kabisa. Nimenona mpaka lile shati la Krismasi kifungo cha juu kimekataa kazi. Ukisikia mtu huko Bumula anasema Baba Simiyu amekonda, jua aliona mtu mwingine.

Kazi ya kushona magunia inaendelea. Hapa ghalani wananiita Supavaisa, na si mimi nilianzisha hilo jina, ingawa sikulikataa. Sindano yangu ikipita kwa gunia, mahindi yanajua yamefungwa. Jumamosi ni gitaa na harusi, kama kawaida.

Sasa barua yako. Wanjala fundi wa baiskeli aliniletea Ijumaa, nikaisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikatafuta gunia, nikakaa, nikaisoma tena. Uliniuliza swali moja na ukaniambia jambo moja. Swali nitamaliza haraka, lakini lile jambo ndilo limeninyima raha hata leo kanisani, nikaimba wimbo wa watu wengine kwa sauti isiyokuwa yake.

Swali: yule mwanamke anayecheka kwa kaseti niliyokutumia ni nani, na kwa nini ananiita "kijana wangu" huku anamimina chai? Mama Simiyu, huyo ni Mama Rosa, mwenye uwanja wa mbao na lori la buluu. Ni mtu wa umri wa mama yangu. Meno ya mbele aliyaaga zamani, na akicheka anafunika mdomo na leso. Anaita kila mtu kijana wake, hata chifu. Kama ningetaka kukusaliti, si ningeacha mashine nyumbani? Nani huenda kwa mambo hayo na redio kaseti ya kuazima?

Jambo lenyewe sasa. Umeniandikia hivi, nanakili: "Baba Simiyu, kama yule mama aliweza na kikapu kimoja cha vitunguu, mimi nitashindwa nikiwa na ng'ombe wawili? Mnunuzi wa Chwele anakuja Alhamisi kuchukua Meja na Sajini. Nafula wa kikundi chetu naye anauza cherehani. Tutaenda pamoja mpakani, Lwakhakha, kununua vitunguu."

Naomba umwambie huyo mnunuzi angoje. Usikasirike bado. Soma mpaka mwisho.

Unajua vile nilianza haya mambo. Mchungaji wa hapa aliniambia nyimbo zangu zote ni za wasichana na chupa, kwa hivyo harusi za kanisa hawawezi kuniita. Nikasema sawa, nitatunga wimbo wa mafundisho, wimbo wa watu waliofaulu, ili kijana akisikia aache kulala. Lakini mafundisho ningetoa wapi, mimi niliyeaga shule darasa la sita? Nikaona heri niende kwa wenyewe, niwaulize mdomo kwa mdomo: Mzee, ulifanyaje? Mama, ulianza na nini? Vile watu wa redio hufanya. Niliazima mashine kwa yule rafiki yangu wa kibanda cha kaseti, nikavaa koti, nikatoka.

Mama Simiyu, nimetembea. Nimefika Eldoret, nimefika Nakuru, Kisumu naijua kama mfuko wangu. Lakini sijaona mahali watu wanaogopa swali kama hapa. Nilianza na Mzee Khisa, mwenye posho mill ya kusaga mahindi karibu na soko. Alinikalisha nje kwa benchi, mlango wa nyumba akaurudisha nyuma yake polepole.

"Umetumwa na nani?"

"Nimejituma mwenyewe, Mzee. Natunga wimbo."

"Wa harambee?"

"Hapana, Mzee."

"Basi wa matanga."

"Hapana. Wa mafundisho. Kuhusu watu wakubwa kama wewe."

"Nani amekuambia mimi ni mkubwa? Hii posho mill inanguruma tu, haina kitu." Akaangalia ile mashine kama anaangalia nyoka aliyelala. "Hiyo inameza maneno?"

"Inayaweka tu."

"Na ikishayaweka, nani huja kuyachukua?"

Nilielewa. Wewe unajua vile kwetu kulivyo. Mtu akija kukuuliza mali yako ilitoka wapi, huyo ametumwa na chifu kuchagua mgeni wa heshima wa kutoa pesa kwa harambee, au ni mtu wa kodi, au ni mkwe anayetafuta sababu ya kuongeza ng'ombe wa mahari. Hakuna mtu amewahi kuuliza swali hilo kwa uzuri. Kwa hivyo Mzee Khisa akakohoa, akaweka mikono kwa magoti, akaiambia mashine: "Nilianza na vitunguu. Kikapu kimoja. Mungu akasaidia, nikanunua posho mill."

"Mzee, kati ya kikapu na posho mill kulikuwa na nini?"

"Maombi."

Nikaenda kwa mwenye hoteli ile ya pale stendi. Naye akaniuliza kama ni harambee, naye akarudisha mlango, kisha akaniambia alianza na vitunguu. Nikasema, lo, hii ni baraka, wimbo unajitunga wenyewe. Wa tatu ndiye Mama Rosa. Huyo aliniingiza ndani, akanipa chai na mkate, akasimulia vizuri kuliko hao wengine wote: kikapu kichwani kutoka Lwakhakha, mvua, kulala kwa veranda ya duka Bungoma, miguu kupasuka. Nusura nilie juu ya mkate. Hiyo ndiyo kaseti niliyokutumia, na ndiyo mliyosikiliza na kina mama wa kikundi. Sishangai iliwagusa. Hata mimi ilinigusa, na mimi ni mtu mgumu.

Lakini roho yangu ilianza kuwasha. Nikishona gunia nafikiria: kama kila tajiri wa Kitale aliuza vitunguu, ni nani alikuwa anavila? Sisi tulikuwa tunachemsha sukuma na chumvi. Hata kitunguu cha harufu hatukuwa nacho.

Jumamosi iliyopita niliuimba ule wimbo mara ya kwanza, kwa harusi huko Kiminini. Sitajisifu. Gitaa ililia mpaka bibi harusi akasahau kuinamisha kichwa. Nikafika pale ninasema tajiri wetu aliamka alfajiri na kikapu cha vitunguu. Vijana walikuwa wanasikiliza mafundisho. Lakini wazee, wale wenye makoti ya ngozi, wakaanza kucheka. Mmoja alimshika jirani yake begani ili asianguke. Mwingine akaniita na kidole.

"Kijana, rudia hapo kwa vitunguu."

Nikarudia. Wakacheka tena, machozi yakawatoka.

"Ni nini kinachekesha, wazee wangu?"

"Hakuna. Ni wimbo mzuri. Umejua kutunga." Na akaniwekea kitu kwa mfuko wa koti bila kuniangalia usoni.

Nimechekesha watu maisha yangu yote, Mama Simiyu. Najua kicheko cha mtu aliyefurahi. Hicho hakikuwa hicho. Hicho kilikuwa kicheko cha watu wanaojua kitu, na mimi niko katikati na gitaa sijui. Nililala vibaya wiki nzima, nikisema labda ni wivu wao. Ndipo Ijumaa Wanjala akafika na barua yako, na mnunuzi, na Alhamisi.

Jana nilitoka ghalani mchana, sikula, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Rosa. Bila mashine. Geti lake ni la chuma, hufungwa hata mchana. Askari wake akanichungulia, akaenda, akarudi, akanifungulia. Nilimkuta akipima mbao na macho.

"Kijana wangu, leo umekuja mikono mitupu?"

"Nimekuja na maneno, Mama. Ile hadithi ya vitunguu, ni ya kweli?"

Akaendelea kuangalia mbao. "Kwani wewe uliiamini?"

"Si nilirekodi?"

"Kurekodi ni kazi ya mashine. Nimekuuliza wewe." Akacheka nyuma ya leso. "Bana, mtu asiyenijua anakuja na kitu cha kumeza maneno, anauliza mali ilitoka wapi. Ulitaka nikupe nini? Hiyo ndiyo hadithi tunawapa wageni. Kila mtu anaijua."

"Mimi sikuijua. Na mke wangu haijui. Ameisikia huko Bumula, na Alhamisi anauza ng'ombe wa kulima aende Lwakhakha kununua vitunguu. Mwenzake anauza cherehani."

Akaacha kucheka. Ile leso ikashuka.

"Ng'ombe wa nani? Wako ama wake?"

"Wake. Mjomba wake ndiye alimpa ng'ombe aliyewazaa."

"Na wewe umemwambia asiuze?"

"Naogopa. Mimi ndiye nilimtumia kaseti nikamwambia asikilize vile watu hufaulu."

Akakaa juu ya mbao. Akanionyesha nami nikae. Kisha akasema, "Sikukudanganya yote. Kikapu kilikuwepo. Mvua ilikuwepo. Vitunguu vilikuwa juu. Juu tu."

"Na chini, Mama?"

"Chini kulikuwa chini."

Mama Simiyu, wewe umezaliwa karibu na mpaka. Unakumbuka ile miaka kahawa ya Uganda ilikuwa inavuka mto na watu wetu wakajenga nyumba za mabati kwa msimu mmoja. Hakuna aliyenunua lori kwa vitunguu. Vitunguu vilikuwa vya kumwonyesha polisi. Ndiyo sababu wale wazee walicheka. Nilikuwa nimesimama mbele yao nawaimbia kifuniko cha kikapu, na kuwaita watoto wao wakifuate.

Nikamwambia basi nitakuandikia, mambo yaishe hapo. Akanishika mkono, na mkono wake ni mgumu kama wa fundi.

"Usiandike tu. Ukimwambia ilikuwa magendo, atasema basi ni rahisi, hata mimi naweza. Wote husema hivyo. Hawajui kuna mtu wangu alibaki kwa ule mto. Tulikuwa wawili kuvuka, nikarudi na kikapu." Akaangalia geti lake. "Watu huuliza kwa nini nafunga mchana."

Sikuuliza alikuwa nani. Rosa, binti yake, hana baba, hiyo nilijua. Zaidi ya hiyo sikutaka kujua kwa nguvu. Ameniruhusu nikuandikie haya wewe peke yako, kwa hivyo barua hii isomee jikoni na uiweke chini ya mkebe wa sukari, si kwa Biblia, maana mama yangu hufungua Biblia.

Sasa sikia alivyosema mwisho. Lori lake linakuja Bungoma Jumatano kupeleka mbao. Yeye mwenyewe atapanda, atashuka Bumula, aongee na kina mama wa kikundi. Ana masharti. Hakuna mashine. Hakuna chifu wala mchungaji. Na hakuna mwanamume.

"Hata mimi, Mama? Mimi ndiye nilikuuliza wa kwanza."

"Wewe hasa. Utaenda kuweka gitaa juu ya maneno yangu."

Nilimwambia wimbo huo nimeshauacha. Akasema ameshawahi kusikia wanaume wakiacha vitu. Kwa hivyo nimeomba ruhusa ghalani, nakuja naye kwa lori, lakini mtakapofunga mlango mimi nitakuwa nje na Simiyu na ng'ombe. Mwambie Nafula asiguse cherehani mpaka siku hiyo. Pika chai nyingi, mkate usikatwe mkubwa, hana meno ya mbele.

Nakujua, utasema nimetunga haya yote ili nisipoteze ng'ombe wa kulima. Nimekufanyia mizaha mingi, una haki ya kunishuku. Ndiyo maana namleta mwenyewe, umwangalie usoni. Na ukishamsikia, usione haya kuamua unavyotaka. Meja na Sajini ni wako. Mimi nilichofanya kwao ni kuwapa majina tu. Kama mtatoka ndani na bado unasema uza, sitauliza mliambiwa nini. Nitashika kamba mwenyewe mpaka Chwele.

Msalimie mama yangu mzazi, umwambie goti likikataa akae, kanisa halitakimbia. Msalimie kaka yangu Wafula mchimba visima, na shangazi Naliaka anayeuza ile dawa ya kiu, umwambie sijamsahau wala sijaiacha. Mwalimu wa Simiyu mpe shikamoo yangu. Mjomba wako mwenye kutoa ng'ombe msalimie kwa heshima zote, na hadithi hii asiisikie, kwa ajili yangu.

Wanjala anaondoka kesho asubuhi na barua hii ndani ya soksi, nimemtazama akiitia. Kama mnunuzi atafika kabla ya Jumatano, maana hao hupenda kuwahi, usimfukuze. Mpe kiti, mpe maji. Mwambie ng'ombe wapo, ila mwenyewe bado hajasikia hadithi yote.

Ni mimi mume wako, mwenye kukuwaza hata juu ya magunia,
Baba Simiyu