Alama Niliyoisugua

Jumanne, 9 Septemba 2025

Clare sasa hivi amevaa glovu zangu za kazi. Moja imemfika begani! Amesimama mbele ya ndoo, anaigombeza: "Toka uchafu! Toka!" Miaka miwili na nusu, na tayari ni fundi. Nimecheka, halafu nikashtuka — glovu zimeshika asidi. Nimemvua mbio, nimemwosha mikono mara tatu kwa sabuni. Amelia. Kesho glovu zinabaki kazini.

Kazi! Leo ni siku ya pili. Sifui tena nguo za watu kule Umoja. Niko kwa Fundi Odero, karakana yake ya Baba Dogo, naosha mashini. Mama Wacera wa mlango wa pili anabaki na mtoto.

Leo imeletwa rejeta ya boti, kutoka ziwani. Si kama ya gari. Ni bomba nene, refu kumshinda Clare, na ndani limejaa paipu nyembamba kama penseli. Mia moja na kumi na mbili — nimezihesabu. Fundi anasema injini ya boti ina maji yake ya kuipoza, hayo yanazunguka nje ya zile paipu. Maji ya ziwa yanapita ndani. Yanapishana hivyo siku nzima na hayagusani hata tone. Joto peke yake ndilo linavuka.

Nimebaki mdomo wazi. Nikakumbuka Clare alipokuwa na homa, nikamlaza kifuani bila nguo, joto lake likahamia kwangu. Kumbe watu wamefundisha chuma kufanya hivyo!

Jumatano, 10 Septemba

Nimeliona ziwa. Mama yangu alizaliwa kando yake, mimi nimezaliwa Mathare, sijawahi kufika. Leo limetoka kwenye paipu: tope jeusi, mizizi ya magugu, na konokono wadogo kama punje za mchele. Wakavu, lakini ganda zima, hata ule mzunguko wa mgongoni unaonekana. Nimemfunga mmoja kwenye leso nimwonyeshe Clare.

Fundi alivuta paipu zote kwa pamoja, fungu zima, likatoka kwenye bomba. Tukalilaza kwenye asidi hafifu. Likachemka bila moto! Kisha kusuuza, na kusuuza tena, halafu kijiti cha mbao, shimo kwa shimo. Waya hapana. Anasema ngozi ya paipu ni nyembamba. Ukiikwaruza ndani umetoboa boti.

Sakariye, yule wa kufungua na kufunga nati, kila akipita ananicheka. "Mama Clare, hiyo si yunifomu ya shule! Utatoa mpaka rangi ya chuma." Nikamwambia wacha zako.

Jioni Fundi aliniita kando. Ananijaribu hadi Jumamosi. Rejeta ikipita testi ya hewa, na yeye akiridhika na mkono wangu, ataniandika nifundishwe kazi yenyewe — kufungua, kupima, kufunga. Si kuosha tu. Isipopita, tunaagana vizuri. Mimi niliyeachia shule darasa la saba! Ee Mungu, nitazame.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemaliza. Nikaliweka lile fungu kwenye meza, nikalielekeza mlangoni, nikachungulia. Mwanga! Mashimo yote mia moja na kumi na mbili, kila moja na mwanga wake, kama fleti za Huruma umeme ukirudi. Nikayahesabu tena. Nikalipenda mpaka nikasugua ukingo wake wa shaba, ukang'aa kama sufuria mpya.

Tukifunga kazi, Sakariye akaniuliza alama iko upande gani. Alama gani? Mstari mweupe, anasema. Fundi huuchora kwenye bomba na kwenye ukingo wa fungu kabla ya kulivuta, ili lirudi lilivyokuwa limekaa. Kwenye bomba upo. Kwenye ukingo —

Nimeusugua. Nilidhani ni uchafu.

Sakariye akashika kichwa. Halafu akanong'ona: "Nyamaza tu, dada. Bomba ni duara, fungu litaingia. Walahi hakuna atakayejua."

Na likikaa vibaya? Akakuna shingo. Maji yanapata njia ya mkato, hayapoi sawasawa, injini inachemka. Lakini pengine tutabahatisha, anasema.

Kubahatisha! Katikati ya ziwa, na kina mama wamo botini na watoto mgongoni.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemwambia Fundi. Hata chai sikungoja. Mzee, ile alama yako nimeifuta mimi, nilidhani ni uchafu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka kikombe chini pole pole. "Umeosha mpaka kumbukumbu yangu." Sakariye akacheka, akatazamwa, akakoma. Kisha Fundi akaniambia: wewe ndiye umepitisha mkono kila mahali. Nionyeshe lilikuwa limekaa vipi. Akaondoka!

Nikabaki na lile fungu. Nimefua nguo za watu miaka minne. Shati linakuambia mwenye shati anakaa vipi — kiwiko hiki kimekonda, kile hakijakonda, ujue mkono gani unaegemea meza. Nikaligeuza pole pole kwenye mwanga. Na hapo, karibu na mwisho, paipu nne za nje zimelika kidogo, laini, zinang'aa tofauti na zile nyingine. Kiwiko! Nikamulika bomba kwa simu. Tundu ambalo maji ya injini huingilia liko umbali ule ule. Hizo nne ndizo zilizolielekea; maji yamekuwa yakizipiga miaka yote.

Nikamwita. Akachungulia muda mrefu. Akaliingiza fungu, akalitoa, akatazama mistari ya kutu ndani ya bomba, akaliingiza tena. "Mm." Basi! Halafu akanipa nyundo na msumari mgumu. Piga doa moja hapa kwenye bomba, moja pale ukingoni, anasema. Rangi tumeachana nayo. Nikapiga. Doa limekaa. Doa langu litaenda mahali ambapo mimi sijafika.

Kesho ndiyo Jumamosi, na bado sijui.

Jumamosi, 13 Septemba, hapa karakana

Naandika nimekaa kwenye kreti, kando ya pipa. Rejeta imefungwa, mipira mipya ya kuzibia, imezamishwa majini, imejazwa hewa ya kompresa. Sindano ya kipimo cha hewa iko kwenye nne. Ikae hapo nusu saa. Kama kuna paipu imetoboka, mapovu yatapanda na sindano itashuka. Fundi amenipa saa yake nisome kila dakika tano.

Dakika tano: nne.

Dakika kumi: nne. Mapovu matatu yakapanda pembeni, nikaruka! Sakariye akapitisha kidole, yakakoma. "Hiyo ni hewa iliyonasa nje. Tulia, utazaa hapa."

Dakika kumi na tano: nne. Dakika ishirini: nne. Maji yametulia, naona mabati ya paa ndani yake. Mia moja na kumi na mbili, na hakuna hata moja inayopumua. Naishukuru kila paipu.

Fundi yuko mlangoni, anaongea na mwenye boti kwa simu. Anasema Jumatatu, ndiyo, italetwa na mtu wangu, atasimama hapo mpaka ifungwe. Mtu gani? Nimemtazama Sakariye. Ameinua mabega — yeye hapandi chombo cha maji hata kwa fimbo.

Dakika ishirini na tano. Nne. Nafikiri ni nne, kioo kimeingia ukungu.

"Akech!" Ni Fundi. Si Mama Clare — Akech! Sikujua hata kama analijua jina langu. Anataka kitambulisho changu, haraka, mwenye boti anangoja kwenye simu aandike jina la mtu wa Jumatatu. Nainuka, lakini ile sindano, naona kama imetikisika. Nafuta kioo kwa kiganja: nne, na nusu saa imetimia.