Majembe Siku ya Msiba

Nkwenda, Kyerwa

Kaka Nolasco,

Shikamoo. Huku mbuzi amezaa mapacha, na kahawa imetoa maua ila yanapukutika kwa jua. Baba bado anakusikiliza redioni ukiitetea kodi ya hewa ukaa huko bungeni Dodoma. Anasema moshi wa mafuta ndio uliotufukuzia mvua, basi wanaoutoa walipe.

Kosa lake ni kuyasema hayo kwenye mkutano wa kijiji. Waendesha bodaboda na wenye mashine za kusaga wakasema petroli ikipanda bei, ni ukoo wetu ulioipandisha. Hakuna aliyetutukana. Waliacha tu kutusalimia.

Nilipokupigia simu kwamba mama amefariki, ulisema mjadala umepamba moto, huwezi kutoka. Sikukueleza mengine. Unajua kwetu penye msiba hakuna anayeshika jembe mpaka maiti azikwe. Asubuhi ile nilisikia majembe yakilima kila upande, hata kwa Kahigi, baba yako wa ubatizo. Baba naye aliyasikia. Akasema labda hawajapata habari. Nilikuwa nimepita nyumba zote mwenyewe.

Tulichimba kibanjani, mimi na baba, chini ya migomba. Tukamshusha mama kwa kamba ya mbuzi.

Jana redio ilisema muswada wa kodi umeondolewa. Majirani bado hawatusalimii.

Baba hali chakula tangu Jumapili. Njoo, kaka. Kaburi la pili sitaliweza peke yangu.

Mdogo wako,
Adelgunda