Mchoro wa Pili

Mjukuu wangu Mideva,

Sasa? Huku Kawangware tuko salama, ila mtoto anaota meno na hatulali. Usicheke nikikuita mjukuu. Mimi ni dada mdogo wa babu yako, hata kama bado nanyonyesha.

Umeniuliza kama utume tu sahihi ili ndugu zako wagawe shamba la baba yenu, ama usafiri hadi kwa bodi ya ardhi. Shamba la baba yetu lilipogawanywa, mimi nilisafiri hadi kwa bodi, kifungua mimba wangu mgongoni. Kaka zangu walikuwa wamenifundisha neno moja: "Nakubali." Nikalisema.

Mama mmoja wa bodi akaniuliza, "Unakubali nini, dada?"

Babu yako akainamia mchoro wa ugawaji wa shamba, akatafuta kipande changu, hakukiona. Kaka zangu wengine wakanong'ona, "Si ameolewa?" Babu yako akasimama. "Tumekosea. Tutarudi na mchoro mwingine."

Na wakarudi. Leo nina maharagwe yangu kwenye kipande changu, kando ya kisima.

Kwa hivyo nenda, Mideva. Tafuta jina lako kwenye mchoro kwa kidole kabla ya kufungua mdomo. Ukipita kwa babu, mbebee sukari. Mwambie ni ya ule mchoro wa pili.

Nyanya yako mdogo,
Kageha