Injini Yenye Mtu Mmoja

Nsambya, Kampala
4 Mei 1975

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini kifua chako kimepoa na baridi ya Nairobi imekuonea huruma. Hapa sisi wazima. Mama anakusalimu, anasema shati lako la kijani utaletewa siku sabuni ya kulifulia itakapopatikana.

Barua hii haipiti posta. Anaileta Habibah, yule mama wa Bombo anayefanya biashara ya vitenge mpaka huko. Ukijibu, mpe yeye mkononi.

Baba, nimepatikana. Unaikumbuka injini yako ndogo ya mfano, uliyouachia ukumbi wa wafanyakazi ulipohamishiwa Nairobi? Imekaa kwenye kabati la kioo muda wote huu bila kuguswa. Sasa Kapteni aliyewekwa juu ya ofisi yetu ya reli ameiona. Mwishoni mwa Juni kuna wageni kutoka nchi jirani, wataonyeshwa kazi za wafanyakazi, naye anataka injini izunguke kwenye reli yake mbele yao. Akauliza nani aliitengeneza. Wakamwambia ni Oryem wa karakana, na mwanawe ni karani hapa hapa. Nikaitwa.

"Wewe mtoto wa fundi?"

"Ndiyo, afande. Lakini mimi ni karani."

"Basi karani, itembee."

Nikasema ndiyo, afande. Unanijua, mimi husema ndiyo hata swali halijaisha.

Nimeifungua juu ya meza yangu. Magurudumu yameota kutu ya kijani, mkono mmoja wa pistoni umepinda, na mota haitoi hata mlio. Vile vipande viwili vya kaboni vinavyogusa mota vimelika vyote. Duka la Mhindi lililouza vitu hivyo ni lile la Nateete, na aliyepewa duka hilo Wahindi walipofukuzwa sasa anauza ndizi mbivu. Nifanye nini? Mikono yangu inajua kalamu tu. Nikiharibu kazi yako utanisamehe, lakini Kapteni sijui.

Mwanao,
Komakech


Nairobi
13 Mei 1975

Mwanangu Komakech,

Salamu kwako na kwa mama yako. Mwambie kifua kimenyamaza, na shati nalisubiri hata likiwa chafu. Habibah amefika salama. Amekunywa chai yangu yote na kunieleza jinsi ulivyokonda.

Usiogope mota. Tafuta betri ya tochi iliyokufa, uipasue. Katikati kuna kijiti cheusi. Hicho ndicho kaboni. Kikate kwa msumeno mwembamba, ukisugue kwa msasa taratibu mpaka kiingie kwenye nyumba yake bila kulazimishwa na bila kuchezacheza. Magurudumu yasafishe kwa petroli na kitambaa, usitumie kisu. Mafuta ni ya cherehani, tone moja kwa ncha ya sindano kwenye kila ekseli. Kwenye mota yenyewe usitie kitu. Ule mkono uliopinda upeleke kwa mafundi wa Katwe, waunyooshe ukiwa baridi. Ukipata moto utakatika.

Ikishatembea, usiipake rangi mpya ikang'aa kama sufuria ya harusi. Injini safi kupita kiasi ni injini ya uongo. Chukua masizi ya jikoni, upake kuzunguka bomba la moshi. Kwenye tangi, pale mafuta mazito yanapotiliwa, acha michirizi myeusi ishuke. Mafuta yale hayafutiki, kila mtu wa reli anajua.

Mwisho, watazame watu wangu wawili ndani ya kebini. Dereva nilimbuni tu. Fayamani, mtunza moto wake, yule aliyeshika vali ya mafuta akichungulia nje, unamjua. Ni jirani yetu Obwona. Nilimfinyanga kwa lehemu akiwa amekaa jikoni kwetu ananicheka: "Oryem, pua yangu si bomba." Wakati ule hakuna aliyejua yatakayompata. Ikiwa wamelegea, wagandishe tena. Wote wawili. Injini haitoki na mtu mmoja. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu, hata iwe injini ya kukaa mezani.

Baba yako,
Oryem


Nsambya, Kampala
1 Juni 1975

Mpendwa Baba,

Natumaini u mzima. Sisi tunapumua. Sukari hakuna, ya magendo ipo lakini bei yake inatia kizunguzungu, kwa hiyo Mama ametangaza kwamba sukari ni mbaya kwa meno.

Baba, inatembea. Kaboni ya betri imekubali. Mara ya kwanza ilirusha cheche nikajificha chini ya meza, mjumbe wa ofisi akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mara ya pili ikazunguka reli nzima, polepole, kwa ule mlio wake wa kunong'ona. Nimeipaka masizi. Michirizi ya tangi niliirudia mara nyingi. Mwanzoni ilikuwa minyoofu mno, kama mistari ya daftari, ndipo nikaelewa kwamba mafuta hushuka yakipinda kwenye kila kichwa cha ribiti.

Kisha watu wakaanza kuja. Saa ya chakula wanaingia na sahani zao za posho, wanasimama kuzunguka meza yangu. Mzee Dawudi, aliyeendesha injini kubwa mpaka alipostaafishwa, aliinama kutazama ndani ya kebini, kisha akasema, "Obwona huyu." Basi. Kesho yake wakaja wengi zaidi. Wanatazama tu, wanaondoka.

Siku moja akaja Lakot. Unajua tangu mumewe Obwona alipotiwa kwenye buti la gari mlangoni pake mwaka juzi, watu wanapita mbali na nyumba yake. Hakuna maiti, hakuna kaburi, na hakuna aliyethubutu kukaa matanga. Hata sisi, Baba, tunaoishi nyumba ya pili, tulimpelekea unga kupitia dirishani. Lakot aliitazama injini akasema, "Hata taulo lake la shingoni mzee Oryem alilitia." Akaniomba niizungushe tena.

Kapteni naye akasikia. Jana alikuja, akawasha kiberiti aone vizuri ndani ya kebini.

"Huyu ni nani?"

Nikasema, "Ni fayamani, afande."

"Nimeuliza ni nani."

Watu wote walikuwa wanatazama sahani zao.

"Mtoe. Tia mwingine. Mtu wa kawaida, asiye na sura."

Nikasema ndiyo, afande. Niambie la kufanya, Baba. Naandika mlango umefungwa, na kila gari likipunguza mwendo nje naacha kuandika.

Mwanao,
Komakech


Nairobi
9 Juni 1975

Mwanangu,

Salamu. Sijambo, na nakuomba nawe ubaki hujambo. Hilo ndilo kubwa katika barua hii.

Mtoe. Lile ni tone la lehemu, haliumwi. Pasha moto chuma chako, gusa chini ya miguu yake tu, atabanduka. Kisha fanya mwingine: tengeneza kalibu ya udongo laini, uikaushe kabisa jikoni maana udongo mbichi utarusha lehemu usoni, umimine kidogo kidogo. Kichwa cha mviringo, mabega mawili, basi. Nani atauliza?

Obwona alikuwa rafiki yangu. Angekuwepo angekwambia hivi hivi, na tena angekutukana kwa kuchelewa. Mimi sikuwepo walipomchukua. Nilisoma habari zake kwenye barua kama unavyosoma hii, nikakaa kitandani na viatu miguuni mpaka asubuhi. Sitaki kusoma nyingine.

Fanya anavyotaka Kapteni, kisha omba likizo uje huku.

Baba yako


Nsambya, Kampala
17 Juni 1975

Mpendwa Baba,

Salamu, na pole kwa hofu ninayokupa. Mama hajambo, ingawa anajua jambo lipo kwa sababu nimeacha kumaliza chakula.

Nilikutii. Nilimtoa Obwona kama ulivyosema, nikampelekea Lakot. Nikakausha kalibu, nikamimina, nikapata mtu. Alikuwa mzuri, Baba, ungeweza kujivunia: kichwa cha mviringo, mabega mawili. Nikamgandisha pale pale, mkono kwenye vali.

Saa ya chakula Mzee Dawudi akaja na posho yake. Akachungulia. Akasema, "Aa, wameshaajiri mwingine." Akaendelea kula.

Hakuwa na ubaya. Labda aliona haya kwa niaba yangu. Lakini nilikaa na sentensi hiyo mchana kutwa, mafaili mbele yangu, sikuandika hata mstari. Kumbe ni rahisi hivyo. Mtu anachukuliwa, karani anapewa amri, lehemu inamiminwa, watu wanaendelea kula. Kazi ya kumfuta Obwona haikumhitaji mtu mwenye bunduki. Ilinihitaji mimi, mwenye mkono mtulivu na cheti cha shule nzuri.

Jioni, watu walipokwisha kuondoka, nilipasha chuma moto nikamtoa yule asiye na sura, nikamyeyusha. Mahali pale pako wazi, na mimi sitapajaza. Kapteni alisema mtoe, nimemtoa. La pili silifanyi.

Usinijibu kwamba ni ujinga. Mimi ni mwoga, wewe unalijua hilo tangu nilipokuwa nalia nikisikia honi ya injini. Bado ni mwoga. Lakini sitapajaza.

Mwanao,
Komakech


Nairobi
23 Juni 1975

Komakech,

Salamu ziwe fupi. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama.

Unadhani hawataona? Injini yenye mtu mmoja, mbele ya ukumbi uliojaa watu wa reli? Hata mtoto wa shuntingi, anayepanga mabehewa tu, ataliona hilo kabla haijafika kona ya kwanza. Ungemwacha Obwona, wangeona wale wanaomjua tu. Sasa wataona wote.

Najua, labda ndiyo maana umefanya.

Sikukasirikia ulichokataa. Nimejikasirikia mimi, niliyekufundisha kushika chuma cha lehemu nisikufundishe kukimbia. Habibah anasema lori lake lina nafasi nyuma, kati ya marobota, na anawajua watu wa mpakani Busia. Kama baba yako, nakuamuru: siku ya maonyesho iharibu mota, useme imeungua, upande lori. Tone moja la mafuta ya kula kwenye kaboni linatosha. Nakusubiri.

Baba yako


Nsambya, Kampala
29 Juni 1975, Jumapili

Mpendwa Baba,

Salamu kutoka kwetu sote, na leo nikisema sote namaanisha watu wengi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umekaa.

Mota sikuiharibu. Nilikuwa na kichupa cha mafuta ya kula mfukoni, nakiri, na mara mbili nilikishika. Lakini injini ilikuwa inakwenda vizuri, Baba. Sikuweza.

Jana ukumbi ulijaa. Wageni mbele kwenye viti vya mto, wafanyakazi nyuma kwenye mabenchi, wake zao wamesimama ukutani. Kapteni aliivua kitambaa yeye mwenyewe, bila kutazama ndani. Alikuwa anatabasamu kwa wapiga picha. Nikafungua umeme. Ikaondoka taratibu, ikashika kona ya kwanza.

Mzee Dawudi akasema kwa sauti yake ile ya kushindana na mvuke, "Ala, huyu dereva katoka peke yake?"

Watu wakacheka kidogo. Kisha sauti nyingine kutoka nyuma, "Fayamani wake yuko wapi?" Hapo kicheko kikakatika kama kimewekewa mkono. Injini ikapita mara ya pili. Mwanamke mmoja ukutani akauliza tena, polepole, kama anamuuliza mtoto: "Jamani, yuko wapi?"

Mgeni mmoja, mtu wa Zaire, akageuka kwa Kapteni. "Wanasema kweli, afande. Kwetu pia machini ya treni inatembea na watu wawili. Ule mwingine iko wapi?"

Kapteni akanitazama. "Karani, mjibu mgeni."

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwa siku nyingi: kazi haijakamilika, mheshimiwa, lehemu ilitupungukia. Nilifungua mdomo niliseme. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Mahali pale ni pa Obwona, fayamani wa injini hii. Alichukuliwa nyumbani kwake, Nsambya, mwaka juzi. Hajarudi. Ndiyo maana pako wazi."

Sikusema kwa ushujaa. Nilisema kama ninavyosoma majina kwenye orodha ya mishahara.

Injini iliendelea kuzunguka mpaka Kapteni akang'oa waya. Akawaambia wageni, "Kijana ana malaria." Akaniinamia sikioni: "Kesho kutwa asubuhi, ofisini kwangu. Usichelewe."

Nilirudi nyumbani nikijua ninachotakiwa kufanya, yaani kufunga nguo zangu na kumfuata Habibah. Lakini nilipofika kwetu nikamwona Mzee Dawudi mbele ya mlango wa Lakot, anatua mzigo wa kuni. Alikuwa hajavua tai ya maonyesho.

"Unasimama hapo kama mgeni?" akaniambia. "Lete mafiga."

Nikaleta. Baadaye akaja mjumbe wa ofisi na mkeke. Wakaja wake wa mafundi na masufuria yao, na mmoja akatoa sukari kutoka ndani ya kitenge chake. Hakuna aliyemuuliza ameipata wapi. Mama alivuka ua akakaa karibu na Lakot, akamshika mkono mbele ya watu wote. Lakot hakulia mpaka moto ulipowaka vizuri. Kisha akalia kwa sauti, Baba, ya miaka miwili, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Gari moja lilikuja likasimama ng'ambo ya barabara, taa zimezimwa. Dawudi alilitazama, akaongeza kuni.

Habibah amekuja mchana huu, anakuletea barua hii. Amenitukana vizuri. "Wewe mtoto, marobota yangu yana akili kukushinda, yanajua kupanda lori." Nimemwambia arudi Alhamisi. Huwezi kuondoka kwenye matanga ya jirani kabla hayajaanuliwa, hilo hata wewe hutaniamuru. Kesho asubuhi sitakwenda ofisini. Kapteni akinihitaji, anajua Nsambya ilipo. Atanikuta nimekaa mkekani, na itabidi aniite kwa jina mbele ya watu hawa.

Bado naogopa. Lakini leo ni siku ya pili, na watu wanazidi kuja.

Mwanao,
Komakech